Jina Lako Kwenye Orodha ya Tamasha

Magomeni, Bagamoyo,
Ijumaa, 19 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Farhan,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote, nakujulia hali wewe na mkeo Sabiha, na mwanangu Dija ambaye mpaka leo sijambeba. Mgongo wako umepoa, au bado unakusumbua ukisimama sana? Na joto la Muscat limepungua? Huku kipupwe kimekwisha, kusi limetulia, na asubuhi kuna jua kali mapema. Mimi mwili haujambo, Alhamdulillahi. Yaliyo ndani ya mwili utayasoma.

Barua hii anakuletea Nasrin, binti wa jirani yetu, anayerudi kazini huko Jumapili. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu namba yako haipatikani tangu wiki ya matanga, wala sikulaumu. Nilizisikia zile sauti alizokutumia Baba mdogo Kibwana kwenye simu. Alinisikilizisha mwenyewe, nikiwa nimeshika sinia la chai, na mimi nikasimama pale nikasikiliza mpaka mwisho, sikusema neno. Tafadhali isome ukiwa peke yako, uisome yote. Ukifika mahali ukataka kuichana, nakuomba uvumilie kidogo, umalize kwanza.

Nilipokupigia siku ile kukwambia baba ametutoka, uliitikia "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," simu ikakatika. Kwa hiyo hujui ilivyokuwa. Unachokijua ni matusi tu.

Mwezi wa tano alikuja nyumbani msichana mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Yasmini. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga wasanii wa tamasha la muziki la Julai, lile la siku tatu, jukwaa linawekwa uwanjani karibu na ufukwe. Alikuwa amepata mahali kanda ya zamani ya kundi la baba, Raha ya Dunda, akaisikiliza, akafunga safari kumtafuta. Akamwambia baba anataka kundi lipige Jumamosi saa kumi alasiri.

Baba akacheka. "Kundi gani, mwanangu? Tumebaki mimi, Najim wa udi, na mpiga dumbaki mwenye magoti mabovu."

Yasmini akauliza, "Na mwimbaji je? Kwenye jalada la kanda ameandikwa Farhan Sadallah."

Farhan, baba aligeuza uso kuelekea mlangoni. Unajua macho yalikuwa yameshamwisha, anaona vivuli tu, lakini masikio yalikuwa mazima. Kisha akasema, "Mwandike. Ni mwanangu. Atakuja."

Yule msichana alipoondoka, baba akaniita. "Mpigie nduguyo. Mwambie jina lake limeandikwa kwenye tamasha. Usimwambie ni mimi niliyesema liandikwe."

Nilikupigia jioni ile ile. Maneno yako nayakumbuka yote. Ulisema, "Miaka minane, dada. Amezaliwa Dija hakunipigia. Leo waandaaji wamejiandikia jina langu bila kuniuliza, nami nipande ndege? Siji. Na habari za muziki wa baba usiniletee tena."

Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi nilikuwepo siku uliyoondoka na ile bendi ya hoteli. Nilimsikia baba pale mlangoni akikwambia hakukufundisha kuimba ili uwaimbie walevi, na kwamba ukivuka kizingiti usigeuke. Hukugeuka. Lakini hukujua kwamba safari hii ni yeye aliyekuwa akikuita. Ile ndiyo njia aliyoiona, ya kukuita bila kukuomba. Nami kwa kutii nikalificha lile neno moja ambalo pengine lingekupandisha ndege. Hilo la kwanza.

La pili ni baya zaidi. Asubuhi yake baba aliniuliza, "Umempata?" Nikamtazama amekaa ukingoni mwa kitanda, fidla iko magotini, ile aliyokuwa hajaigusa kwa miaka mitatu, anazipapasa nyuzi moja moja. Nikasema, "Nimempata, baba. Anaomba ruhusa kazini."

Sikupanga kusema vile. Nilitaka kupata siku mbili tatu za kutafuta maneno mazuri. Lakini ungemwona! Alikula siku ile mpaka akaomba kuongezewa. Akamtuma mtu amwite Mzee Najim, wakaanza mazoezi pale ukumbini, kila siku baada ya chai mpaka adhuhuri. Vidole vilikuwa vigumu, anakosea, anatukana, anarudia. Kila akipumzika anazungumza habari zako. Farhan anapenda tuanzie chini. Farhan akifika ubeti wa tatu huvuta pumzi, Najim, usimkimbize. Akaniuliza kama bado u mwembamba, nikamwambia sijui. Akaenda zake kwa fundi akakushonea kanzu kwa kukisia.

Kila wiki aliuliza, na kila wiki niliongeza. Ruhusa imekaribia. Ruhusa imetoka. Anatafuta ndege ya Ijumaa. Nikimaliza kusema naingia jikoni nakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mwezi wa sita nilikuandikia ujumbe kwenye simu, "Fikiria tena, mdogo wangu." Hukujibu. Nikajipa moyo kwamba unafikiri. Wallahi nilidhani siku zikikaribia utabadilika, utashuka tu mlangoni na begi lako, na uongo wangu wote utageuka kuwa kweli.

Matangazo yalipobandikwa mjini, baba alitaka nimsomee orodha ya wasanii. Nikamsomea, tumesimama mbele ya ukuta karibu na soko. Ijumaa, vijana wa bongo fleva na kundi la singeli. Jumapili, bendi ya dansi na wapiga marimba. Jumamosi nikaiacha mwisho: ngoma ya Fukayosi, kidumbaki cha Pangani kinachoimbwa na Bi Mwaija, kisha Raha ya Dunda, Mzee Sadallah na mwanawe Farhan kutoka Muscat. Akanishika mkono, akasema, "Rudia hapo mwisho." Nikarudia. Watu waliokuwa wakipita wakampa hongera. Kuanzia siku hiyo mji mzima ukajua kwamba unakuja.

Jumamosi ya tarehe ishirini na sita nilimvisha kanzu nyeupe na koti. Saa nane mchana, tukiwa nyuma ya jukwaa, nikamwambia ndege yako imechelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilidhani atasikitika, apige na wenzake, turudi nyumbani. Akasema, "Basi tutamsubiri."

Yasmini akatusaidia, akawaongezea muda wale wa Fukayosi, kisha wa Pangani. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja kasoro robo akanivuta pembeni, jasho linamtoka, akasema, "Dada, nikimsogeza tena, nafasi ya mzee inakwisha. Huyo Farhan yuko wapi hasa?" Nikamwambia yuko njiani. Hata yeye nilimdanganya.

Bi Mwaija alikuwa ameshuka jukwaani, anajifuta uso kwa khanga. Alisikia. Akamwendea baba, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akamwambia wimbo wako anaujua tangu utotoni, akiridhia yeye ataimba. Baba akamshukuru. Akasema, "Mwimbaji wangu yumo njiani. Mimi nitaanza, atanikuta."

Wakapanda watatu. Mtangazaji akapaza sauti, akalitaja jina lake na lako, watu wakapiga makofi na vigelegele. Baba Kibwana alikuwa kiti cha mbele, amesimama, anapunga kofia. Baba akaomba kipaza sauti. Akasema, "Mwanangu yuko njiani anakuja. Mtuwie radhi." Kisha akaanza.

Farhan, alipiga vizuri. Nataka ulijue hilo. Kile kipande cha mwanzo cha ala tupu kilitoka kama zamani, watu wakatulia, hata wale vijana waliokuja kwa ajili ya singeli. Akafika mahali unapoingia wewe. Akainua upinde, akageuza uso kule kwenye ngazi za jukwaa, akasubiri. Hakuna kitu. Akarudi mwanzo. Najim akamfuata. Wakafika tena pale pale, akasubiri tena. Mara ya tatu watu wakaanza kunong'ona, mmoja nyuma akapiga mluzi, wengine wakaanza kumwita msanii anayefuata kwa jina. Mimi nilikuwa ngazini, hatua sita kutoka alipo. Ningepanda nikamwambia sikioni. Sikupanda.

Mara ya nne, alipofika pale, Bi Mwaija akapanda akaimba. Aliimba kwa upole, taratibu, kwa nia njema kabisa. Baba aliposikia sauti ya mwanamke akashusha fidla magotini. Hakuipandisha tena. Najim akaendelea na udi peke yake mpaka ubeti wa mwisho, na baba amekaa katikati yao, kichwa wima, macho wazi, mbele ya halaiki ile yote. Watu walipiga makofi. Nadhani wengi wao walifikiri ndivyo wimbo ulivyopangwa.

Nilimshika mkono akashuka. Tulipofika chini akaniuliza, "Hakuja?"

"Hakuja, baba."

"Alikwambia sababu?"

Hapo, Farhan. Hapo nilikuwa na nafasi. Hatukuwa na mtu karibu, uongo ulikuwa umekwisha kazi yake, hakuna tena wa kumfurahisha. Nikasema, "Sijui." Akasema, "Basi," tukaondoka.

Hakula jioni ile, wala kesho yake hakusema zaidi ya salamu. Jumanne, alipokuwa akitia udhu kwa ajili ya alasiri, akaanguka. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa. Tulimfikisha hospitali upesi, madaktari walijitahidi, lakini walituambia tangu mwanzo tusitarajie makubwa. Presha ilikuwa juu, na dawa zake nilikuja kuzikuta chini ya mto. Alikuwa ameacha kuzimeza wakati wa mazoezi kwa sababu zilikuwa zikimlegeza mikono. Hilo nalo nililala nalo nyumba moja nisilione.

Akakaa siku tisa. Jumatano jioni tulikuwa watatu kitandani kwake, mimi, Baba Kibwana na Shangazi Sihaba. Ulimi ulikuwa mzito lakini siku ile akajikaza. Alisema, neno moja moja, "Mwambieni Farhan. Nimemsamehe. Kunidanganya."

Baba Kibwana akalia kwa sauti. Shangazi akaninyanyulia macho, labda kwa sababu uso wangu ulibadilika. Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema, baba, hakukudanganya, ni mimi. Nikaogopa kwamba nikisema atakufa mle mle na maneno yangu masikioni. Nikamfuta midomo kwa kitambaa. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akafariki, na tukamzika baada ya alasiri. Sikuwa nimesema.

Kwenye matanga ndipo ulipopata jina ulilolipata. Baba Kibwana alimsimulia kila aliyeingia: alimwahidi baba yake, akamwacha peke yake jukwaani mbele ya watu, na mzee wa watu kamsamehe. Waliotoka Mbegani wakayapeleka Mbegani. Mimi nilikuwa nikipita na sinia, namwaga chai, naitikia, "Ndiyo, ndivyo." Mara ya kwanza iliniuma. Baadaye, Mungu anisamehe, ikawa nafuu, kwa sababu mradi wanakutaja wewe hawanitazami mimi.

Siku moja nikamwambia Shangazi Sihaba, jikoni, tunachambua mchele. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta, kisha akasema, "Hajra, Farhan yuko mbali, maneno haya hayamfiki masikioni. Wewe unaishi nao. Nyamaza." Alisema kwa kunionea huruma, usimchukie. Nami nikanyamaza karibu mwezi mzima. Lakini usiku na mchana nilikuwa nikilisikia neno lile la kitandani. Baba alijikaza na ulimi uliokufa nusu ili akusamehe wewe, ambaye hukumkosea. Mimi niliyemkosea sikuomba, na sasa sina wa kumwomba.

Jumatatu iliyopita ilikuwa arobaini. Wanaume walikaa ukumbini na barazani, wanawake ndani. Hitma ikasomwa, dua ikaombwa. Kabla masinia hayajatoka nikasimama penye pazia, nikasema, "Naomba mnisikilize kidogo." Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa, ila kwa ufupi. Kwamba Farhan aliniambia siku ya kwanza kuwa haji. Kwamba hakuahidi kitu. Kwamba baba alidanganywa na mimi, mwezi wa tano mpaka siku ya jukwaa.

Kisha Baba Kibwana akasimama. "Ulikuwa ngazini pale," akaniambia. "Nilikuona. Ulimwacha kaka yangu akae vile mbele ya watu, nawe unajua?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Na ukaniacha nimlaani mtoto wa watu."

"Ndiyo."

Akatafuta viatu vyake akaondoka, hakugusa chakula. Wengi wakamfuata. Wanawake nao wakaaga mmoja mmoja, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye safari ya Vigwaza. Pilau ilibaki masufuria mawili, nikaigawa majirani. Tangu siku hiyo nikimpa Baba Kibwana salamu njiani anaangalia pembeni. Kuna waliosema nisingojewe kwenye shughuli zao. Nyumba hii niko peke yangu, sebule naiona kubwa. Sikuandikii haya unionee huruma. Nakuandikia ujue kwamba jina lako limesafishwa mbele ya watu wale wale waliolichafua, na kama kuna atakayeendelea kulitaja vibaya, atakuwa anajua kwamba anasema uongo.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekulea mama alipofariki, nilikufunga nepi, nilikufundisha Alhamdu. Sikutegemea iko siku nitakukalisha wewe mbele ya lawama yangu nijifiche nyuma yako. Sikuombi unisamehe leo. Pengine hutaweza, na ukisema huwezi nitakuelewa. Ninaloomba ni kwamba usibebe kifo cha baba. Uliulizwa ukajibu, jibu lako lilikuwa la kweli. Aliyelibadilisha ni mimi.

Na ujue pia kwamba alikutaka. Hakujua kukwambia, kiburi chake unakijua, lakini alikutaja ukumbini humu wiki kumi mfululizo, na hakuna siku alikutaja kwa hasira. Hilo si uongo wangu. Mzee Najim yupo, ukitaka nitakupa namba yake umuulize mwenyewe.

Ukipenda kuja kuzuru kaburi, mlango uko wazi, na kama hutaki kuniona nitahamia kwa Shangazi kwa siku zote utakazokaa. Usipokuja, muombee dua huko huko, itamfikia.

Shangazi Sihaba anakusalimu sana, alilia nilipomwambia naandika. Mzee Najim anakusalimu, anasema tangu siku ile udi ameutundika. Bi Mwaija alipiga simu kutoka Pangani kutoa pole, na anakuomba radhi kwa kuimba wimbo wako. Nisalimie Sabiha, na umbusu Dija kwa niaba yangu. Baba mdogo Kibwana hakunipa salamu. Nami sitakutungia.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, amsamehe alipokosea na atusamehe sisi tulipomkosea. Akulinde ugenini, akupe rizki ya halali na mtoto mwenye kheri, na moyo wako aupe utulivu ambao mimi niliuondoa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama hutaki tena kulisikia neno hilo,

Hajra binti Sadallah